Saa Moja ya Maji

Juni 5
Injinia Brenda wa maji amekuja leo kutoka Musoma, amepima kisima, ameondoka kabla ya chakula. Ameniachia rejista mpya ya kujaza saa za pampu. Daftari hili ni langu, nimelinunua dukani, maana rejista haina nafasi ya maneno.

Maji yako mita thelathini na moja chini. Mwaka jana mwezi kama huu yalikuwa ishirini na sita. Brenda ameniambia, "Mama Gody, usiwashe pampu kabla ya saa moja asubuhi. Usiku ndiyo kisima kinajikusanya. Ukikivuta alfajiri, unakinyang'anya." Nikamwambia nimesikia.

Juni 6
Nianze na mimi. Naitwa Rhobi Nyamhanga, nina miaka arobaini na tisa, nashika ufunguo wa kisima cha Nyakerebe. Nimezaliwa Kiriba, ziwani, mahali ambapo mtoto akitumwa maji anarudi ameshaoga. Nilikuja huku Butiama mwaka 2003 na mume wangu Samwel, kwa miezi sita, tupate dhahabu ya kujengea nyumba kwetu. Samwel alienda Chunya mwaka 2014, na simu yake sasa inapokelewa na mwanamke. Mimi nipo. Mwanangu Gody anasoma chuo Musoma, amepanga chumba Iringo.

Hapa kila mtu alikuja kwa miezi sita. Ndiyo maana mji mzima ni mabati. Matofali ya kuchoma utayaona shuleni, zahanati na kanisani tu. Ukimuuliza mtu mbona hujengi, atakwambia anaondoka mwezi ujao, na amekuwa akiondoka tangu mtoto wake wa kwanza hajazaliwa.

Juni 9
Vumbi.

Juni 14
Mzee Bernado Nyamburi amechota ndoo yake moja, kama kila siku, akakaa kwenye zege la tenki kupumzika. Ana miaka themanini na mbili. Ujanani alikuwa anaendesha mashine ya kushusha watu shimoni enzi za Waingereza, na ndiye peke yake aliyebaki anayeukumbuka mji wenyewe.

"Pale kwenye ukuta mweupe tulikuwaga na sinema," akasema. "Hospitali ilikuwa na vitanda ishirini. Taa barabarani. Na bomba kila mlango, Mama Gody, kila mlango! Maji ya shimo Namba Mbili. Matamu. Ukinywa unasikia baridi mpaka kisogoni."

"Na mlipofungiwa?"

"Walizima mashine siku ya Ijumaa. Jumatatu maji yakaanza kupanda shimoni. Wazungu wakaondoka, ikaja kampuni ya serikali, wakachimba, wakaondoka. Wakaja wengine na magari makubwa, nao vilevile. Kila aliyekuja aliacha shimo lake. Sisi ndio tumekuja mwisho, kukwangua sufuria."

Kila akisimulia, vitanda vinaongezeka. Mwaka juzi vilikuwa kumi na viwili.

Juni 27
Mita thelathini na tatu.

Julai 2
Boke amegombana na watu wawili kwenye foleni kabla ya saa mbili. Boke ni mkubwa wa wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Ameniita mwizi wa maji kwa sababu nilifunga bomba dakika tano mapema. Mdomo kama ule sijui mume wake aliuwezaje.

Julai 11
Mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akasoma barua ya ofisi ya maji: kisima ni cha kunywa tu, karasha zisipewe maji mpaka mvua zinyeshe. Karasha ni mashine zinazosaga mawe, na hazisagi bila maji. Nikamtazama Edwin Kulwa, maana karasha nne kati ya sita ni zake. Hakubisha. Akasema tu, "Sawa, tutatafuta mto."

Mto uko kilomita tisa, na mwezi huu ni mchanga.

Niseme ukweli kuhusu Edwin. Alikuja na Samwel siku moja, kwenye lori moja, ananiita shemeji. Mwaka 2016 duara, shimo la wachimbaji, lilipobomoka, ni yeye aliyeshuka kuwatoa watu watano waliofukiwa na kuwapeleka kwao kwa gari lake, mmoja mmoja, mpaka Tarime. Siwezi kumsahau siku ile.

Julai 19
Mita thelathini na sita.

Julai 30
Karasha zimemaliza maji ya akiba, zimenyamaza siku ya tano. Nilidhani nitafurahi. Kelele zile nimezilaani miaka ishirini. Sasa naamka nasikia kuku.

Agosti 4
Mwenye duka la pembeni amefunga, ameenda Geita. Na mama lishe wawili. Mawe yamejaa viwanjani, hakuna anayeyataka ya kuponda, maana hakuna pa kuyasaga. Wanawake wanakaa juu ya mawe yao kama wako kituoni wanangoja gari.

Agosti 8
Edwin amekuja nyumbani saa kumi jioni. Hakukaa.

"Shemeji, saa moja tu. Alfajiri, kabla foleni haijaanza. Boza langu la maji likijaa mara moja, karasha mbili zinatembea."

"Brenda amekataza."

"Brenda yuko Musoma, analala kando ya ziwa. Wewe ndiye uko hapa."

Nikakataa. Akaniaga vizuri, akaondoka.

Agosti 10
Leo amekuja Boke, na wanawake wengine sita nyuma yake. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Mama Gody, watoto wangu jana wamekula uji, leo uji. Mpe Edwin maji. Saa moja. Sisi hatutasema."

Mmoja wao ana mimba ya miezi minane, miguu imejaa vumbi mpaka magotini.

Nikawaambia nitafikiri.

Agosti 11
Nimefungua saa kumi na moja alfajiri. Saa moja tu. Kwenye rejista sikuandika.

Agosti 12
Karasha zinalia. Mji umechangamka kama umetoka wodini. Mama lishe mmoja amerudi kuchoma chapati. Nimeona nimefanya vizuri.

Agosti 13
Saa moja.

Agosti 15
Saa moja.

Agosti 20
Mita arobaini na moja. Pampu yenyewe inaning'inia mita arobaini na nane.

Edwin anaomba saa moja na nusu. Nimempa.

Agosti 21
Mzee Bernado alikaa kwenye zege akatazama mkondo wa bomba. "Umekonda," akasema. Nikamwambia ni kiangazi. Nadhani anasikia pampu alfajiri. Nyumba yake iko karibu na kisima, na wazee hawalali.

Agosti 27
Saa mbili. Sikuombwa. Dereva wa boza alichelewa kufunga bomba na mimi nilikuwa nimesinzia juu ya ndoo.

Septemba 2
Pampu imeungua.

Septemba 3
Jana sikuweza kuandika zaidi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, boza halijafika nusu. Pampu ikabadilisha sauti, ikawa kama mtu anayekohoa bila makohozi, kisha kimya, na harufu ya waya ulioungua ikapanda kwenye bomba. Dereva akanitazama, akapanda gari lake, akaondoka na maji aliyopata.

Saa moja foleni ilipofika, nilisema sijui. Hilo ndilo neno nililosema: sijui.

Septemba 5
Watu wanafuata maji mtoni, wanachimba mchanga, wanangoja dumu moja saa nzima. Kwenda na kurudi kilomita kumi na nane. Mwenye pikipiki anapona. Nimempelekea Mzee Bernado dumu la lita tano. Akalipokea kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Septemba 6
Brenda amekuja na fundi. Wameitoa pampu. Imekuwa nyeusi kama kuni. "Imekauka ikiwa inafanya kazi," akasema. Akafungua rejista, akapitisha kidole kwenye saa nilizoandika. "Kwa saa hizi isingekauka. Labda ni umeme. Nani alishika nyaya mara ya mwisho?"

Mwenyekiti akasema ni Kasmiri.

Ni kweli, Kasmiri alishika nyaya. Ni fundi redio, kijana mpole, Julai nilimwita aunge swichi, na aliunga vizuri. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Septemba 8
Wamempiga Kasmiri na kuvunja kibanda chake. Redio za watu ziko chini kwenye vumbi. Mwenyekiti amesema atapelekwa polisi Jumatano, baada ya mkutano.

Sikula.

Septemba 9
Jana nimeshindwa kwenda kwa Mzee Bernado. Leo pia. Nina maji ndoo moja ya kwangu. Najiambia watampelekea wengine.

Septemba 11
Niandike yote.

Saa moja asubuhi Boke na wanawake wake walikuwa wanaenda mtoni, wakapita njia ya mkato nyuma ya ukuta wa sinema, panapo shimo Namba Mbili. Mfuniko wake wa chuma uliibwa zamani, ukauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na watu walizungushia miiba tu. Miiba ilikuwa imesogezwa kando. Wakakuta fimbo, na kandambili zimepangwa sawasawa kama mlangoni. Wakakuta kamba imefungwa kwenye kipande cha reli kilichobaki, na kamba imeingia shimoni.

Boke alipiga yowe. Mji mzima ulilisikia. Mimi nilijua kabla sijafika, kwa sababu mlango wa Mzee Bernado ulikuwa wazi na ndoo yake haikuwepo.

Alienda kuchota maji yake matamu.

Tulisimama pale watu kama mia tatu. Vijana wakaleta kamba na taa za kichwani, lakini kila mmoja akichungulia anarudi nyuma. Lile shimo si kama maduara yetu. Kuta zake ni za mbao zilizooza tangu enzi za wakoloni, na maji yako chini sana, meusi. Mwenyekiti akasema tusubiri watu wa zimamoto kutoka Musoma.

Edwin akavua shati, akalizungusha shingoni. "Nifungeni mimi," akasema.

Ana miaka hamsini na mitatu, ana tumbo. Mkewe akamshika mkono, naye akautoa polepole. Wakamfunga kamba kiunoni na begani, watu kumi na wawili wakaishika, Kasmiri akiwa mmoja wao. Kasmiri yule yule, uso bado umevimba, alikuja akashika kamba wala hakuna aliyemfukuza. Wakamshusha. Tulisikia sauti yake mara tatu, "Teremsha," kisha ikawa mbali, kisha hatukuisikia. Kipande cha mbao kikaanguka, tukasikia majini baada ya muda mrefu. Mkewe akaanza kusali kwa Kijita, na mimi nikaitikia, maana ni lugha ya nyumbani kwetu pia.

Jua lilifika utosini. Saa sita na robo kamba ikavutwa mara mbili, ndiyo ishara. Wakavuta. Kwanza alitoka Mzee Bernado, amefungwa vizuri kwa shati la Edwin kifuani ili asigonge ukutani. Alikuwa mwepesi. Mtu mmoja aliweza kumbeba. Kamba ikashushwa tena, akatoka Edwin, amepakwa tope mpaka kwenye kope, akakaa chini palepale na kuegemea reli.

Nilimpelekea maji kwenye kikombe, maji yangu ya mwisho. Akayatazama, hakuyanywa.

"Yana harufu ya mafuta, shemeji," akasema. "Yale ya chini. Si matamu. Hayanyweki kabisa."

Tukatazamana. Alijua na mimi nilijua. Nilimsubiri aseme neno moja zaidi. Akachukua kile kikombe, akamnawisha Mzee Bernado uso.

Septemba 12
Binti wa Mzee Bernado, Sara, amefika kutoka Kabasa, Bunda, anakouza vitenge. Tumemzika baba yake saa tisa. Sara alikuwa akimwomba baba yake ahamie kwake miaka minane, akakataa, anasema mashine zitawashwa tena na hakuna mwingine anayejua kuziendesha. Amenishukuru mimi kwa jina. Amesema baba yake alimwambia kwa simu kwamba mwenye kisima anampelekea maji.

Nilimpelekea mara moja.

Septemba 13
Mkutano umefanyika kwenye uwanja wa shule. Kasmiri alikaa mbele, chini, mgambo wawili nyuma yake. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajapelekwa.

Nikasimama. Nikasema, "Si Kasmiri. Ni mimi. Nilimpa Edwin maji alfajiri tangu tarehe kumi na moja Agosti. Mwanzo saa moja, baadaye mbili. Kwenye rejista nilidanganya. Pampu ilikaukia mikononi mwangu."

Kelele zikapanda. Mama mmoja akanirushia kandambili, ikanipiga shingoni. Mwingine akapiga kelele, "Muuaji! Mzee wa watu!" Nilimtafuta Edwin kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye pikipiki yake mwisho wa uwanja. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atasimama, mtu aliyeshuka Namba Mbili hawezi kuogopa kusimama uwanjani. Akaangalia chini. Akacheza na ufunguo wake.

Aliyesimama alikuwa Boke.

"Kaeni!" Sauti ile ile ya foleni. "Nimesema kaeni! Nani hapa alikula mwezi wa nane? Wewe hukuponda mawe? Wewe hukuuza chapati? Mlifikiri zile karasha zilisaga kwa mate? Mimi ndiye nilienda kwa Mama Gody kumwomba. Tulikuwa saba. Alimkatalia Edwin, tukamfuata mlangoni na njaa zetu. Mkimpeleka polisi, mtupeleke wote, na mmuite huyo mwenye boza, maana hata maji aliyonawa leo sijui kayatoa wapi."

Watu wakageuka kumtazama Edwin. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Kasmiri ameachiwa. Nimenyang'anywa ufunguo, na ni haki yao. Wamempa Boke.

Septemba 14
Nimeenda kwa Kasmiri kumwomba msamaha. Alikuwa anachambua redio, sehemu nzima na sehemu zilizovunjika. Hakuinua kichwa. "Nimesikia, mama," akasema. Ndiyo hayo tu.

Septemba 20
Mdogo wangu amepiga simu kutoka Kiriba. "Rudi nyumbani, dada, ziwa lipo." Nikamwambia mwezi ujao. Nilipokata simu ndipo nikasikia nilichosema.

Oktoba 3
Lori limeleta pampu mpya kutoka Mwanza. Hakuna karatasi yenye jina. Dereva anasema aliambiwa aishushe tu. Wote tunajua ni Edwin. Hajakanyaga kisimani. Ukikutana naye njiani anasalimia kwanza. Zamani nilimwona mtu mzima kuliko sisi wote. Halafu kwa wiki mbili nilimchukia. Sasa namwona mtu anayeweza kushuka shimo lolote ila lile moja la kukiri, na mimi nililishuka kwa kuchelewa, Kasmiri ameshapigwa.

Oktoba 9
Naponda mawe na wanawake wa Boke, tunayalundika kungoja mvua. Mikono imetoka malengelenge. Boke kisimani ni mkali kuliko mimi nilivyokuwa. Alfajiri anapiga kufuli mbili.

Oktoba 17
Mvua ya kwanza, nusu saa. Watu walisimama nje, wakalowa. Mtoni maji yamefika, kwa hiyo karasha zinafuata maji huko.

Oktoba 24
Nimetoka Bunda.

Niliondoka saa kumi na mbili, nikafika Kabasa saa tatu. Sara alikuwa anapanga vitenge kwenye meza. Aliponiona akafurahi, akaniita mama, akavuta kiti. Habari za mkutano hazikumfikia. Alikuwa amerudi siku ile ile ya maziko, baada ya kuzika, na nadhani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Saa moja, saa mbili, rejista, pampu. Nikamwambia na lile dumu, kwamba lilikuwa moja tu, na kwamba siku za mwisho sikwenda kwa sababu nilikuwa na ndoo moja na nikaifanya ya kwangu.

Alikunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. Mteja akauliza bei, akangoja. Mteja akaenda.

Mwishowe akauliza, "Alikuwa na kiu?"

Njia nzima nilijiandalia majibu. Hilo sikuwa nimelifikiria. Ningeweza kusema alikumbuka ujana wake, alitaka maji yake ya zamani. Ingekuwa nusu ya kweli.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa na kiu."

Alikaa chini nyuma ya meza, nikawa simwoni, naona vitenge tu. Nilibaki nimesimama kwa sababu sikujua kama ninaruhusiwa kuondoka. Alipoinuka uso ulikuwa umelowa na hakuufuta.

"Wote mlionizikia baba mlijua?"

"Siku ile tulijua mimi na Edwin na wachache. Kesho yake wote."

"Na mkanipa pole."

"Tulikupa pole."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Sijui nikufanye nini," akasema. "Ningeyasikia kwa mtu mwingine ningejua. Lakini umekuja mwenyewe, kwa hiyo sijui." Akatazama jua. "Umekula?"

"Hapana."

"Mboga ni dagaa tu. Ingia ndani, unawe."

Alinimiminia maji mikononi kutoka kwenye jagi, taratibu, mpaka povu lote likaisha. Tukakaa. Nilikula kila alichoniwekea.